Glavu Kwanza, Salamu Baadaye

Rebero, jioni ya kuamkia safari yako

Gasaro mwanangu,

Umetoka hapa mchana kwenda Remera kumuaga Madamu Vestine, na mpaka sasa hujarudi. Jua limeshahamia upande wa pili wa kilima. Nimepika isombe ya majani laini ya muhogo kama unavyoipenda, yenye karanga nyingi, nikaifunika, nikakaa. Halafu nikakumbuka kwamba huko uliko nako umepikiwa, na kwa kuwa nilikulea usikatae sahani ya mtu, utarudi umeshiba. Basi nimechukua karatasi. Heri niandike kuliko kutega sikio kwa kila pikipiki inayopanda mlima huu nikidhani ndiyo imekuleta.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na nafanya hivyo kwa makusudi. Kinyarwanda ningeweza, tena mwandiko wangu ungetulia zaidi. Lakini Kiswahili ndicho nilichokubembelezea ukiwa mgongoni, nilikuja nacho kutoka Karagwe nilikokulia, na Madamu Vestine hajui zaidi ya "habari" na "asante sana". Hata ukimwonyesha barua hii haitamfaa kitu. Unaona nilivyo? Hata ukurasa wa kwanza sijaumaliza.

Sitakuandikia mambo ya chandarua wala ya kuchemsha maji. Wewe ni muuguzi, tena unakwenda kuwa mkufunzi wa wauguzi, na Bukoba si porini. Nguo umepanga mwenyewe, na umezipanga vizuri kuliko ambavyo ningezipanga mimi. Ninalotaka kukwambia ni moja, na limenishinda kwa mdomo tangu juzi. Nina wivu. Sisemi ule wa kutaniana. Nasema wivu wenyewe, unaomfanya mtu mzima akose usingizi na kuongea peke yake jikoni. Nilimpigia baba yako simu huko Rusizi kwenye kazi zake nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kama huyo Vestine amenyang'anya mume. Nikamwambia mume ningempa na chakula cha njiani.

Sasa nikueleze wivu huu ulivyoanza, maana wewe unadhani ulianza juzi kwa sababu ya gari la Vestine.

Ulipoingia chuoni kwetu pale Kicukiro, mimi ndiye niliyekupokea darasani kama nilivyowapokea wenzako. Nilikufundisha kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, kuosha mikono mpaka kwenye kiwiko, kumgeuza mtu mzito bila kuumia mgongo. Uliniita "Madamu" darasani na "Mama" nyumbani, na mimi nilikuwa nakula raha ya majina yote mawili. Nyumba hii miaka yote ilikuwa na msemo mmoja tu, "Mama anasema". Baba yako mwenyewe alikuwa anautumia, tena kwa woga.

Kisha ukafika mwaka wa tatu, ukaingia kwenye somo la Madamu Vestine. Wiki hiyohiyo ulirudi nyumbani ukazima taa ya barazani, ukaniambia Madamu anasema hospitali nyingi huacha taa zikiwaka mchana kutwa kwa mazoea tu. Nikakujibu kwamba hapa si hospitalini. Wiki iliyofuata Madamu akasema maganda ya ndizi yakitupwa kwenye ndoo ya taka zenye damu, kwa sababu tu ndiyo iliyo karibu, yote yanahesabika kuwa na damu na yote yanapelekwa kuchomwa. Baadaye Madamu akasema dawa zilizobaki zisimwagwe kwenye sinki, maana maji ya sinki yanateremka bondeni, na bondeni kuna watu. Madamu anasema, Madamu anasema. Ulikuwa unalitaja jina lake ukiwa na kijiko cha chakula changu mdomoni.

Na lililoniuma zaidi ni kwamba yote uliyosema yalikuwa na maana. Angekuwa anakufundisha upuuzi ningepumzika.

Jambo ambalo pengine hulijui ni kwamba somo lile lililetwa kwangu kwanza. Mkuu wa chuo alikuja ofisini kwangu, akanieleza kwamba sasa wauguzi na wakunga wafundishwe pia mazingira: kwamba hospitali inayotibu watu inaweza kuwaumiza kwa moshi wake, kwa taka zake na kwa maji yake machafu, na kwamba mvua zilivyobadilika zinatuletea wagonjwa ambao zamani hatukuwaona. Nikamsikiliza nimekunja mikono. Nikamwambia mimi nafundisha uuguzi, mambo ya miti ayapeleke kwa watu wa miti. Akaenda akampa Vestine, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Kwa hiyo nilichokionea wivu miaka yote hii ni sahani niliyoisukuma mwenyewe mezani. Waswahili wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilikufunza, mwanangu, halafu ulimwengu nao ukaja na gari lake.

Sasa tuje kwenye glavu, maana ndizo zilizotugombanisha.

Umenisikia nikizungumzia miaka yangu ya kwanza baada ya kurudi nchini, lakini nilikusimulia kwa kuchekesha kwa sababu ulikuwa mtoto. Nilikuwa muuguzi mbichi kwenye hospitali moja huko wilayani. Hatukuwa na glavu za kutosha. Tulizifua. Baada ya kuzalisha, baada ya kufunga vidonda, tuliziosha kwa sabuni, tukazipuliza hewa moja moja na kuziweka karibu na shavu ili kusikia kama zinavuja, tukazianika kwenye kamba nyuma ya wodi. Zikikauka tunazipaka poda, zinachemshwa, zinarudi kazini. Ukipita pale nyuma asubuhi yenye upepo uliona mikono imejaa kwenye kamba, inakupungia.

Siku moja nilikuwa nazalisha, na glavu ya mkono wa kulia ikapasuka katikati ya kazi. Sikuweza kuacha. Mtoto alikuwa anakuja na mama yake alikuwa ananishika mkono uleule. Nikamaliza, nikaosha, nikajikuta nina mchubuko kidoleni. Nilingoja majibu ya damu yangu nikiwa sili wala silali, na enzi zile kila mtu alijua majibu mabaya yana maana gani. Yalikuja mazuri. Lakini hofu ile ilishaingia, na haikutoka hata baada ya karatasi kusema niko salama. Nilijiapia kwamba nikipata wanafunzi, hakuna mwanafunzi wangu atakayemgusa mgonjwa bila glavu mpya.

Miaka ikapita, glavu zikaja kwa maboksi. Wewe hujui raha ya kufungua boksi jipya la glavu kwa mtu aliyezifua. Nilikuwa nachomoa moja, navaa, nachora tiki kwenye faili la mgonjwa, naitupa. Nachomoa nyingine. Na nikapata msemo ambao vizazi vyote vilivyopita mikononi mwangu vinaujua: glavu kwanza, salamu baadaye. Nilikuwa nauimba nikipiga meza. Wanafunzi walikuwa wanauandika juu ya daftari zao, na mimi nikiuona nafurahi.

Sasa, Bukoba walipoomba mtu wa kwenda kuanzisha somo la mazingira chuoni kwao, ukaambiwa kwanza ufundishe somo la majaribio hapa chuoni, mbele ya wakufunzi na wanafunzi. Mimi nikaenda nikakaa benchi la mwisho kabisa. Nilivaa kitenge kizuri, unakumbuka. Nilikuja kuona mwanangu akifundisha. Vestine alikuwa amekaa mbele na kalamu yake.

Ulimwaga glavu mpya mezani, rundo zima, ukasema ni sawa na zilizotupwa kwenye wodi moja kabla ya chakula cha mchana. Ukawaita wanafunzi waje mmoja mmoja. Huyu anapima joto, yule anampa mgonjwa uji, huyu anasukuma kiti cha magurudumu, yule anaandika kwenye faili. Kila mmoja achukue glavu kama anavyochukua kila siku, aitupe kwenye ndoo. Wakawa wanacheka, ndoo inajaa. Kisha ukawauliza mmoja mmoja kama aligusa damu, kama aligusa kidonda, kama aligusa choo. Kicheko kikapungua. Ulipomaliza kuzichambua, zile zilizokuwa na kazi ya kweli zilienea kwenye kiganja chako.

Halafu ukaifuata ile ndoo kwa maneno. Ulisema inatoka mlangoni, inazunguka nyuma ya jengo, inaingia kwenye tanuri, na jioni inatoka tena kwenye bomba ikiwa moshi. Ukauliza nani anakaa upande wa chini wa hospitali. Msichana mmoja akanyoosha mkono akasema kwao mama yake hufunga madirisha wakianza kuchoma. Ulimwacha akae, ukawaacha wote walifikirie lile dirisha. Ukaendelea na nchi yetu hii ambayo msafiri akitoka Tanzania mpakani anavuliwa mfuko wa plastiki hadharani, mpaka wengine wanaingia Rwanda wamekumbatia nguo zao mikononi, nasi wenye koti jeupe tunavaa na kuvua plastiki kutwa nzima wala hakuna anayetuuliza.

Nilikuwa nakutazama, Gasaro. Nilikuwa naona jinsi unavyosimama, mguu mmoja mbele kidogo, kama ninavyosimama mimi. Nikawa najiambia, huyu ni wangu, huyu ni wangu. Na hapo ndipo mwanafunzi mmoja mwenye miwani, wa mwaka wa pili, mtoto wa watu asiye na ubaya wowote, akasema:

"Lakini Madamu, sisi tulifundishwa glavu kwanza, salamu baadaye."

Darasa zima likageuka nyuma. Wakufunzi nao wakageuka, wengine wanajitahidi wasitabasamu. Vestine peke yake hakugeuka, na hilo nalo liliniudhi, nikaona ananihurumia.

Pengine ungemjibu vizuri. Mimi ndiye sikungoja. Nilisimama nikakuuliza kwa sauti ile ninayoitumia kwa mwanafunzi aliyechelewa: "Mwalimu, wewe umewahi kufua glavu?"

Sikukuona ukikasirika. Ukasema, "Sijafua, Mama. Nilifundishwa na mtu aliyezifua ili mimi nisizifue. Ndiyo maana nikiona zinatupwa bure naumia."

Uliniita Mama mbele ya watu wote. Vestine akaanza kupiga makofi na wengine wakafuata, nami nikachukua mkoba wangu nikatoka kabla ya chai. Uliporudi nyumbani nilikwambia umenivua nguo mbele ya wanafunzi wangu. Ulijaribu kunieleza, nikawasha redio. Sasa nikwambie ukweli wa siku ile. Jibu lako halikuniudhi. Nililiona zuri tangu lilipotoka mdomoni mwako. Kilichonichoma ni yale makofi. Alipiga kama kwamba jibu lile alilipanda yeye, na sentensi ile ilikuwa yangu. Niliilipa kwa kile kidole.

Wiki iliyofuata niliwapeleka wanafunzi wangu wodini, na nitakuwa mkweli, nilikwenda na kiburi. Nilitaka waone uuguzi wa kweli ulivyo. Nilikuwa nimeshavaa glavu tangu mlangoni. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha alikuwepo bikizee mmoja wa Nyamirambo, Mwislamu, mama wa biashara ya vitenge, mtandio wake umepangwa vizuri utadhani anakwenda harusini. Aliposikia Kiswahili changu akafurahi, akanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto ameushika kwenye kiwiko, ile salamu ya heshima. Nikampa mkono wangu kama ulivyo. Akautazama, akaurudisha wake chini ya shuka.

"We mama," akaniambia, "unanisalimia na prastiki? Mimi iko takataka?"

Mwanangu, nimezomewa na madaktari, nimefokewa na walevi usiku wa zamu, lakini sijawahi kuona aibu kama siku ile. Hapa kwetu mtu asipokupa mkono umeshajua anakufikiriaje. Na mimi niliwafundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, wawanyime wagonjwa mkono, nikaita usafi. Nilikuwa nawagawia hofu yangu ile ya kidole, boksi zima zima.

Nilivua glavu. Nikaosha mikono kwenye beseni la wodi, polepole, kila kidole, wanafunzi wakiangalia. Nikarudi nikampa mkono. Akaushika kwa yote miwili. "Haya," akasema, "sasa iko salamu." Mkono wake ulikuwa na moto, ana homa ambayo haikuwa imeandikwa popote. Pengine ningeihisi hata kwa glavu, sijui. Lakini hakuniachia, na akiwa amenishika hivyohivyo akaninong'oneza kwamba kidonda cha mguu kimeanza kunuka na anaona haya kuwaambia wale mabinti. Tukakifungua. Hapo nikavaa glavu, maana hapo ndipo mahali pake.

Tangu siku hiyo sifundishi tena ule msemo. Nawaambia waoshe mikono, wasalimie, kisha wajiulize watagusa nini. Msemo huu mpya haupendezi mdomoni kama ule wa zamani na hauimbiki, wala hakuna aliyeuandika juu ya daftari. Wewe sikukwambia chochote. Ningekwambia ungefurahi, halafu ungempigia Vestine simu, naye angefurahi. Furaha yako niliitaka. Ya kwake sikuitaka. Nikanyamaza, nikakunyima habari iliyokuwa haki yako, na wewe ukaendelea kukunja nguo zako kimya kimya ukidhani mama yako bado amenuna kwa ajili ya glavu.

Kwa kuwa nimeshafika hapa, nikwambie na linalonitia hofu kuhusu huko uendako. Wewe ni hodari, na mtu hodari mwenye neno la haki anaweza kuumiza. Utawakuta wauguzi wa zahanati za ndani ambao glavu zinawaishia kabla mwezi haujaisha. Usiende kuwahimiza watu wapunguze wingi ambao hawajauona. Ukimkuta muuguzi mkubwa kama mimi anavaa glavu hata akienda kufungua dirisha, kabla hujamwaga rundo lako mezani muulize kwanza aliogopa nini na lini. Wewe ulinijua ni mama yako na bado hukuniuliza. Mimi pia sikukwambia, nilikuwa nachekesha tu. Na Vestine hakuweza kukufundisha hilo, kwa sababu yeye alianza kazi maboksi yakiwa tayari rafuni. Nimeliandika hili kwa raha kubwa, wala sitalifuta.

Lakini mengine alikufundisha vizuri. Haya, nimesema. Mvua kubwa ilipokata barabara ya bondeni na wale akina mama wajawazito wakafikishwa kwetu wamechelewa, mimi niliona uzazi mgumu tu. Wewe uliona mlima uliolimwa mpaka juu bila nyasi, ukaona barabara, ukaona na sisi tunaoteketeza vitu nyuma ya wodi, vyote kwenye mstari mmoja. Mimi macho yale sina. Nimejaribu kuwa nayo, nimesoma hata zile karatasi zako ulizoacha juu ya friji, na naelewa, lakini naelewa kama mtu anayejifunza lugha uzeeni. Ninawaonea wivu hata hao wanafunzi wa Bukoba nisiowajua. Watakusikia kila asubuhi, na utawafundisha wodini kwa Kiswahili changu.

Sasa hilo la juzi.

Uliposema Madamu Vestine amejitolea kutupeleka stendi ya Nyabugogo alfajiri kwa gari lake, mimi na wewe na mizigo, nilikujibu kwamba basi mwende nyinyi wawili, mimi nitabaki kufua. Ulisimama pale mlangoni ukasema, "Mama, usiponisindikiza nitakuwa nimetoroka." Kisha ukaosha vikombe. Mimi nikakunja shuka ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Ngoja nikwambie kwa nini neno hilo haliniachi.

Siku nilipoondoka Karagwe kurudi Rwanda, nilikuwa na umri kama wako. Bibi yako alikuwa ameliacha shamba la kwao huku Rwanda akiwa msichana, amekimbia na mtungi kichwani, akatulea ugenini akituimbia nchi ambayo hatukuijua. Ungedhani angefurahi kuniona narudi. Asubuhi ile alichukua jembe akasema ana kazi migombani. Nikamwambia lori halingoji. Akasema nitangulie, anakuja. Nilikwenda nikageuka, nikaenda nikageuka, mpaka kona ya mwisho ambapo nyumba yetu inaacha kuonekana. Hakutokea. Majirani walinisindikiza, na watoto wao, na hata mbwa wa jirani. Mama yangu hakuja.

Nilidhani miaka mingi kwamba alikuwa amekasirika. Juzi, nikiwa na zile shuka mkononi, ndipo nilipomwelewa. Alikuwa na wivu. Alinionea wivu nikienda kukanyaga udongo aliounyimwa yeye, na aliionea wivu nchi, kwamba amenizaa na kunilea halafu nchi inaniita mara moja tu nami naitika. Mtu unaweza kuionea wivu nchi, Gasaro, kama mimi ninavyoweza kumwonea wivu mwanamke mwenye gari dogo jeupe na kalamu. Alikufa kabla sijarudi kumwona. Kaburi lake liko njiani kwako, utalipita. Ukipata siku, shuka umsalimie. Mwambie simlaumu tena, ila bado nageuka.

Kwa hiyo nimeamua. Alfajiri nitaamka, nitachemsha chai ya tangawizi, na ile isombe utaila kwa chai kama huna nafasi nayo jioni hii, sijali tumbo litasema nini. Madamu Vestine akifika nitatoka nje nimpe mkono, mtupu, nilioosha. Nitamshukuru kwa Kinyarwanda kizuri ili aelewe. Kiti cha mbele ukae wewe pembeni yake, mna mambo yenu ya kuzungumza kuhusu matanuri na ndoo. Mimi nitakaa nyuma na masanduku. Kukaa nyuma na kukusikiliza nimeshafanya mara moja, na mara hii sitatoka kabla ya mwisho.

Lakini tukifika Nyabugogo begi lako kubwa nalibeba mimi, kutoka kwenye buti la gari mpaka mlangoni mwa basi. Akitaka kusaidia abebe lile dogo. Na basi likiondoka, wewe geuka utazame dirishani. Usiogope kugeuka. Nitakuwepo, nimesimama mbele ya Madamu Vestine, kidogo tu.

Mama yako